Mafiga matatu kwenye visiwa viwili: kujenga na kusimika etcd kutoka msimbo chanzo

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi ana matawi mawili, moja Darajani, Unguja, na jingine Chake Chake, Pemba. Mfumo wake wa mauzo ulikaa kwenye kompyuta moja tu, ya Darajani. Umeme ukizimika Mjini, Chake wanaandika risiti kwa mkono. Ukirudi, namba za risiti zinagongana, na bei ya saruji iliyobadilishwa asubuhi haijafika Pemba. Aliponiita aliomba jambo moja: "Sheikh, niwekee mashine ya pili iwe akiba." Nikamjibu kwamba ya pili haitamfaa kitu. Anahitaji ya tatu, na pahali pa kuiweka ndipo penye kazi.

Nitaieleza kazi ile hatua kwa hatua. Programu niliyoitumia ni etcd, hifadhidata ya ufunguo na thamani: unaipa jina, inakurudishia kilichohifadhiwa chini ya jina hilo. Ilianzishwa na kampuni ya CoreOS mwaka 2013, na tangu 2018 iko chini ya CNCF, taasisi inayosimamia programu huria za seva. Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi, huitegemea kuhifadhi hali yake yote. Jina lake limetokana na folda ya /etc ya Linux, inamokaa mipangilio, likaongezwa d ya "distributed", yaani kusambazwa.

Kwa nini tatu

Kila mashine hubeba nakala kamili ya data. Kwa utaratibu unaoitwa Raft, mashine huchagua kiongozi mmoja. Andiko lolote hupitia kwake, na halihesabiwi kuwa limeandikwa mpaka zaidi ya nusu ya mashine zote ziwe zimeliweka kwenye diski. Kwa mashine tatu, zaidi ya nusu ni mbili. Ikifa moja, kazi inaendelea. Kwa mashine tano ni tatu, kwa hiyo mbili zinaweza kufa. Kwa mashine mbili, zaidi ya nusu ni mbili zote. Yeyote kati yao akizimika, klasta nzima, yaani kundi lote la mashine, inaacha kufanya kazi. Mwenye mashine mbili amejiongezea kitu cha kuharibika, usalama haukuongezeka.

Figa moja haliinjiki chungu, na etcd nayo ni ya mafiga matatu. Tofauti ni kwamba chungu humwagika figa moja likitoka, lakini etcd hubaki imesimama kwa mawili. Sharti ni kwamba mafiga yenyewe yawe matatu kweli.

Hapo ndipo watu wengi hukosea, na mimi nilikosea pia. Klasta yangu ya mwanzo niliiweka yote kwenye chumba kimoja Mjini, mashine tatu juu ya UPS (betri ya akiba) moja na ruta moja. UPS ilipokufa, zilizima tatu kwa mpigo. Kwenye karatasi zilikuwa tatu, lakini mbele ya umeme zilikuwa moja.

Sisi wa visiwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili na mtu wa mbali. Unguja ilikaa gizani kiasi cha mwezi mzima mwaka 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa sababu kisiwa kizima kilining'inia kwenye waya mmoja wa chini ya bahari kutoka Bara. Pemba ilipata waya wake kutoka Tanga mwaka 2010, na Unguja ikapata waya mpya wa megawati 100 mwaka 2013. Kwa hiyo leo waya wa Pemba ukipata hitilafu, wa Unguja hauguswi. Lakini zote mbili huvuta umeme wa gridi ya Bara. Gridi yenyewe ikianguka, Darajani, Chake na Dar es Salaam zinaweza kuzima pamoja, na hapo hakuna hesabu ya Raft itakayokuokoa. Unahitaji betri au jenereta.

Mpangilio niliouchagua ni huu: mashine moja Darajani, moja Chake Chake, na ya tatu ni seva ya kukodi Dar es Salaam, mahali penye jenereta. Mawasiliano ya Pemba yakikatika, Unguja na Dar zinaendelea. Darajani ikizima, Pemba na Dar zinaendelea.

Nini kiwekwe humo

Vitu vidogo ambavyo lazima kila mtu avione kwa namna moja: bei za leo, namba ya risiti inayofuata, kufuli la kuhakikisha mtu mmoja tu anafunga hesabu ya siku. Orodha ya mauzo ya miaka mitano iache kwenye hifadhidata ya kawaida kama PostgreSQL. Bila kubadilisha mpangilio, etcd huishia gigabaiti 2 za data, na ombi moja lisizidi mebibaiti 1.5. Picha za bidhaa hazina nafasi humo.

Mashine na diski

Ubuntu Server 24.04, viini viwili vya prosesa, RAM ya gigabaiti 2 au zaidi. Vinatosha kwa duka. Usifanye ubahili kwenye diski. Kila andiko hulazimishwa lifike kwenye diski kabla halijakubaliwa, kwa hiyo diski nzito huifanya klasta nzima iwe nzito, na kadi ya kumbukumbu kama ya simu haifai kabisa. Tumia SSD, na uipime kwanza:

```
sudo apt update
sudo apt install -y git curl fio wireguard
mkdir -p ~/jaribio
fio --rw=write --ioengine=sync --fdatasync=1 \
    --directory=$HOME/jaribio --size=22m --bs=2300 --name=pima
```

Kwenye majibu tafuta sehemu ya fsync/fdatasync, kisha mstari wa 99.00th. Iwe chini ya milisekunde 10. Angalia kipimo kilichotumika, kwa sababu fio mara nyingi huandika kwa mikrosekunde, na 10,000 za hizo ndizo milisekunde 10. Ikizidi hapo, badilisha diski kabla hujaendelea.

Njia baina ya mashine

Usiiache etcd wazi kwenye intaneti. Nilizifunga mashine tatu ndani ya WireGuard, njia ya siri (VPN) inayopita juu ya intaneti, na kuzipa anwani 10.20.0.1 (unguja), 10.20.0.2 (pemba) na 10.20.0.3 (dar). Ukipenda TLS (usimbaji wa mawasiliano kwa vyeti) ya etcd yenyewe ni sawa, ila vyeti vina tarehe ya kuisha na duka dogo halina mtu wa kuikumbuka.

Hapa pana mtego uleule wa figa moja. Kwa kuwa seva ya Dar ndiyo yenye anwani ya kudumu ya intaneti, rahisi ni kuielekeza Unguja na Pemba zote zipitie kwake. Ukifanya hivyo, siku Dar ikizima, Unguja na Pemba hazisikiani, na klasta imekufa ilhali mashine mbili ni nzima. Kila jozi lazima iwe na njia yake ya moja kwa moja. Nilimwomba mwenye duka alipie anwani ya kudumu kwa Darajani pia. Pemba, ambayo haina, huzipigia zote mbili. Faili ya Pemba, /etc/wireguard/wg0.conf, iko hivi:

```
[Interface]
Address = 10.20.0.2/24
PrivateKey = UFUNGUO-WA-SIRI-WA-PEMBA

[Peer]
# unguja
PublicKey = UFUNGUO-WA-WAZI-WA-UNGUJA
Endpoint = ANWANI-YA-UNGUJA:51820
AllowedIPs = 10.20.0.1/32
PersistentKeepalive = 25

[Peer]
# dar
PublicKey = UFUNGUO-WA-WAZI-WA-DAR
Endpoint = ANWANI-YA-DAR:51820
AllowedIPs = 10.20.0.3/32
PersistentKeepalive = 25
```

Mstari wa mwisho wa kila sehemu ya Peer huifanya njia ibaki wazi hata kama hakuna mazungumzo. Kwenye Unguja na Dar ongeza `ListenPort = 51820` chini ya Interface, na uruhusu poti hiyo ya UDP. Funguo hutengenezwa kwa `wg genkey`, na njia huwashwa kwa `sudo systemctl enable --now wg-quick@wg0`.

Kisha, kwenye kila mashine, ruhusu poti za etcd kupitia njia hiyo tu. 2379 ni ya wateja, 2380 ni ya mashine zenyewe kwa zenyewe:

```
sudo ufw allow OpenSSH
sudo ufw allow 51820/udp
sudo ufw allow in on wg0 to any port 2379,2380 proto tcp
sudo ufw enable
```

Kukompaili

Programu iliyokwisha jengwa ipo, unaweza kuipakua na kuendelea. Mimi hujenga mwenyewe kwa sababu mbili. Kwanza, huijua namba kamili ya msimbo ninaoupeleka kwa mteja. Pili, mara nyingine mashine ya tawi ni kibao kidogo chenye prosesa ya aina ya ARM, na kutoka kompyuta yangu naweza kuijengea bila kuigusa.

Jenga kwenye mashine moja tu. etcd imeandikwa kwa lugha ya Go, wala haihitaji kompaila ya C.

```
cd /tmp
curl -LO https://go.dev/dl/go1.22.9.linux-amd64.tar.gz
sha256sum go1.22.9.linux-amd64.tar.gz
sudo rm -rf /usr/local/go
sudo tar -C /usr/local -xzf go1.22.9.linux-amd64.tar.gz
export PATH=$PATH:/usr/local/go/bin
go version
```

Linganisha namba ya sha256 na iliyoandikwa kwenye ukurasa wa upakuaji wa Go kabla ya kufungua faili. Sasa msimbo wenyewe:

```
cd ~
git clone --depth 1 -b v3.5.17 https://github.com/etcd-io/etcd.git
cd etcd
grep -E '^(go|toolchain)' go.mod
./build.sh
```

`--depth 1` huleta toleo hilo tu bila historia yake yote, na kwa anayelipia bando hiyo ni nafuu kubwa. Mimi nilijenga 3.5.17. Wewe tazama toleo la karibuni la 3.5 na uweke namba yake. Kitu kimoja nakukataza: 3.5.0, 3.5.1 na 3.5.2. Zilikuwa na kasoro iliyoweza kuzifanya mashine zitofautiane data bila kusema, na ikarekebishwa katika 3.5.3. Amri ya `grep` inakuonyesha Go gani inahitajika. Kama ni mpya kuliko uliyonayo, Go itajaribu kuipakua yenyewe, na bando litaliwa tena.

Mara ya kwanza ujenzi huvuta vipande vingi kutoka intaneti na kuviweka ~/go/pkg/mod. Ukikatika katikati, irudie amri ileile. Vilivyokwisha kushuka havishushwi tena. Mashine ya RAM ndogo ikikuandikia "killed", ipunguzie mzigo:

```
GOFLAGS=-p=1 ./build.sh
```

Ikifika mwisho salama utaona `SUCCESS: etcd_build`. Kwa kibao cha ARM cha biti 64, amri ni `GOARCH=arm64 ./build.sh`. Ndani ya folda ya bin mna programu tatu: etcd ni seva, etcdctl ni ya kuzungumza nayo, etcdutl ni ya kushughulikia faili zake.

```
./bin/etcd --version
sha256sum bin/*
scp bin/* mtumiaji@10.20.0.2:/tmp/
scp bin/* mtumiaji@10.20.0.3:/tmp/
```

Programu hizi hazitegemei kitu kingine chochote, kwa hiyo kunakili kunatosha. Rudia `sha256sum` kule zilikofika, uhakikishe ni zilezile.

Kusimika

Kwenye kila mashine, ukiwa ndani ya folda yenye programu hizo:

```
sudo install -m 0755 etcd etcdctl etcdutl /usr/local/bin/
sudo useradd --system --home-dir /var/lib/etcd \
     --shell /usr/sbin/nologin etcd
sudo install -d -o etcd -g etcd -m 0700 /var/lib/etcd
sudo mkdir -p /etc/etcd
```

Faili ya mpangilio, /etc/etcd/etcd.yaml, kwa Unguja:

```
name: unguja
data-dir: /var/lib/etcd
listen-peer-urls: http://10.20.0.1:2380
listen-client-urls: http://10.20.0.1:2379,http://127.0.0.1:2379
initial-advertise-peer-urls: http://10.20.0.1:2380
advertise-client-urls: http://10.20.0.1:2379
initial-cluster: unguja=http://10.20.0.1:2380,pemba=http://10.20.0.2:2380,dar=http://10.20.0.3:2380
initial-cluster-token: mafiga-01
initial-cluster-state: new
heartbeat-interval: 100
election-timeout: 1000
auto-compaction-mode: periodic
auto-compaction-retention: "24h"
```

Kwa Pemba na Dar badilisha name na anwani za mistari minne ya listen na advertise. Mstari wa initial-cluster haubadiliki hata herufi. Ukitumia faili hii, etcd haisomi chaguo nyingine ulizoandika kwenye amri. Kila kitu kiwe humu.

Mistari ya heartbeat na election ni ya milisekunde. Kiongozi hupiga mapigo kuwaambia wenziwe kwamba yu hai. Wasipoyasikia kwa muda wa election, wanachagua mwingine. Hizo 100 na 1000 zinatosha mashine zilizo jengo moja. Baina ya visiwa, pima mwenyewe, tena jioni watu wengi wanapokuwa mtandaoni:

```
ping -c 100 10.20.0.2
```

Heartbeat iwe karibu na muda mrefu wa kwenda na kurudi unaouona mara kwa mara, na election isipungue mara kumi ya muda huo. Ukiona 150, weka 200 na 2000. Ukiacha ndogo mno, mashine zitakuwa zinachagua kiongozi mpya kila mtandao ukisita, na wenye duka wataona mfumo unaganda bila sababu. Namba hizi ziwe sawa kwenye mashine zote tatu.

Kisha /etc/systemd/system/etcd.service:

```
[Unit]
Description=etcd
Wants=network-online.target
After=network-online.target wg-quick@wg0.service

[Service]
Type=notify
User=etcd
ExecStart=/usr/local/bin/etcd --config-file /etc/etcd/etcd.yaml
Restart=always
RestartSec=5
LimitNOFILE=65536

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Washa zote tatu kwa karibu karibu:

```
sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable etcd
sudo systemctl start --no-block etcd
```

Hiyo `--no-block` ina maana yake. Mashine ya kwanza peke yake haiwezi kusema iko tayari, kwa sababu haijapata mwenzake wa kufikisha zaidi ya nusu. Bila chaguo hilo utakaa mbele ya skrini ukidhani imekwama. `journalctl -u etcd -f` itakuonyesha inavyowatafuta wenziwe.

Kuijaribu kwa kuizima

```
export ETCDCTL_ENDPOINTS=10.20.0.1:2379,10.20.0.2:2379,10.20.0.3:2379
etcdctl member list -w table
etcdctl endpoint status -w table
etcdctl put /duka/bei/saruji 17000
etcdctl get /duka/ --prefix
```

Jedwali la status linaonyesha nani kiongozi. Fungua dirisha jingine kwenye mashine ya Chake, andika `etcdctl watch /duka/ --prefix`, kisha badilisha bei ukiwa Darajani. Mwenye duka alipoiona bei mpya ikitokea Chake papo hapo, hakuuliza tena kuhusu gharama ya mashine ya tatu.

Lakini usimkabidhi bado. Nenda kachomoe waya wa umeme wa mashine iliyo kiongozi. Usiizime kwa amri. Chomoa, kwa sababu ndivyo umeme wetu unavyokatika. Baada ya kitambo kifupi kiongozi mwingine atachaguliwa na `put` itakubali. Sasa zima ya pili. `put` itakaa, halafu itakujibu `context deadline exceeded`. Hata `get` ya kawaida itakataa, kwa kuwa mashine iliyobaki haina uhakika kama inachokijua ndicho cha mwisho. Ukitaka kusoma tu kilichomo humo, hata kama kimepitwa:

```
ETCDCTL_ENDPOINTS=127.0.0.1:2379 etcdctl get /duka/ --prefix --consistency=s
```

Waeleze wafanyakazi wa duka tabia hii mapema. Tawi lililotengwa peke yake litaonyesha bei za mwisho lilizozijua, lakini halitatoa namba mpya ya risiti. Ndivyo inavyotakiwa: likitoa, namba zitagongana kama zamani. Wawe na daftari la dharura lenye mfululizo wake wa namba.

Nywila na nakala

```
etcdctl user add root
etcdctl user grant-role root root
etcdctl auth enable
```

Kuanzia hapo kila amri iongezwe `--user root`, na programu ya duka uitengenezee mtumiaji wake mwenye ruhusa ya /duka/ tu.

Nakala tatu zilizo hai si akiba. Mtu akifuta ufunguo kwa makosa, unafutika kotekote mara moja. Kila usiku chukua nakala kutoka mashine moja, uitoe nje ya klasta:

```
ETCDCTL_ENDPOINTS=10.20.0.1:2379 etcdctl --user root \
    snapshot save /var/backups/etcd-$(date +%F).db
etcdutl snapshot status /var/backups/etcd-2025-01-15.db -w table
```

Kuirudisha ni kwa `etcdutl snapshot restore`, kwenye mashine zote tatu, kutoka faili ileile moja, kwenye folda mpya ya data. Fanya zoezi hilo mara moja kabla hujalihitaji.

Mashine ikifa moja kwa moja

Chumvi ya bahari hula kompyuta za huku, kwa hiyo siku hiyo itafika. Usinunue mashine mpya ukaiwasha kwa faili ileile ya zamani, wenzake hawatamtambua. Mtoe marehemu kwanza, ndipo umtambulishe mgeni:

```
etcdctl --user root member list
etcdctl --user root member remove NAMBA-YAKE
etcdctl --user root member add pemba --peer-urls=http://10.20.0.2:2380
```

Kwenye mashine mpya, folda ya data iwe tupu na `initial-cluster-state` iwe `existing`. Utaratibu huo wa kutoa kwanza ndipo uongeze usiugeuze kinyume. Ukiongeza kabla ya kutoa, klasta inakuwa ya wanne, zaidi ya nusu inakuwa watatu, na hai wako wawili tu. Umejifungia nje kwa mkono wako.

Kupandisha toleo, jenga jipya kama ulivyojenga la kwanza, kisha badilisha mashine moja moja, ukingoja `endpoint health` iwe nzima kabla ya kugusa inayofuata. Usiruke hatua: 3.4 huenda 3.5, ndipo 3.6. Kiongozi mwache wa mwisho, na kabla ya kumzima ukabidhi uongozi kwa `etcdctl move-leader`, ukiielekeza amri kwenye anwani yake yeye, ili Chake wasione hata kusita.